Sharti la Tisa

Simu iliita mpaka ikachoka, ikajikata yenyewe. Baba akasukuma miwani juu ya pua, akabonyeza tena kitufe cha kijani, akairudisha simu mezani kati ya birika la chai na barua ya posa. Alikuwa ameweka sauti ya nje ili kila aliyekuwa sebuleni asikie kwa masikio yake, asije mtu kesho akasema aliambiwa.

"Hiyo ni ya nne," alisema Shangazi.

"Najua kuhesabu, Dada."

"Sikusema hujui. Nasema ni ya nne."

Mlio ukaendelea, ule mlio mrefu wa nchi za watu usiofanana na wa nyumbani. Kwenye kochi la pembeni, binti wa nyumba hiyo, ambaye wenzake kazini walimpachika jina la Zima Data, alikuwa ameikalia mikono yake yote miwili. Humo ndani yeye peke yake ndiye aliyejua kwa nini simu haipokelewi. Alijua kwa sababu ndiye aliyekataza.

Miaka mitano sasa alikuwa akikaa dirisha namba tatu katika duka la kampuni ya simu, akiwahudumia watu waliorudi safari wameshika ankara mkono mmoja na kichwa mkono wa pili. "Sikupiga hata simu moja!" Ndiyo, mzee, hukupiga, ila ulipokea, na ukiwa nje ya nchi anayepokea naye hulipa. "Sikufungua intaneti!" Hukuifungua, mama, ilijifungua yenyewe, picha zako zilikuwa zinajihifadhi huko mbali wakati wewe umelala. Kulikuwa na bwana mmoja mwenye shamba karibu na mpaka. Hakusafiri popote, lakini laini yake ikadaka mnara wa ng'ambo ya mto, akalipishwa kama mgeni akiwa kitandani mwake. Kila msafiri aliyefika dirishani aliambiwa neno lile lile: zima data kabla hujapanda ndege. Jina likaanzia hapo.

Ajabu ni kwamba mganga hakujiganga. Mwaka uliopita mchumba wake, fundi wa lifti, alipelekwa nje kwa mafunzo ya wiki mbili, na Zima Data, kwa wazimu wa mapenzi mapya, hakumwonya hata kidogo. Alimpigia kila jioni, naye Fundi akapokea kila jioni. Aliporudi alikuta laini imefungwa na deni la mishahara mitatu linamsubiri mlangoni. Posa iliyokuwa iletwe mwezi ule ikasogezwa mbele miezi minane. Shangazi hakulisahau. "Mwanamume wa kuliwa na simu!" alikuwa akisema kila akipata nafasi, na kama hakuipata aliitafuta.

Kwa hiyo safari hii ya pili, ya miezi miwili, Zima Data alimnunulia Fundi laini ya kulipia kabla, kisha akakaa chini na kalamu. Aliandika masharti nyuma ya fomu ya dukani, akayapa namba. Zima data. Zima sanduku la ujumbe wa sauti. Piga kwa intaneti ya hosteli tu, saa moja asubuhi. Kusoma ujumbe mfupi ni bure, kuujibu si bure. Simu yoyote ikiita, usipokee.

"Hata akiwa Baba?" Fundi alimuuliza siku ile, akicheka.

"Hasa akiwa Baba. Salamu zake peke yake ni dakika nne."

Fundi akaikunja karatasi, akaiweka ndani ya kava la simu. Na Fundi, msomaji, hakuwa mtu wa kufuata maagizo nusu. Kazi ya lifti haitaki ubunifu. Ukiambiwa kata umeme, funga kufuli, weka ufunguo mfukoni, ndipo uingie shimoni, basi unafanya hivyo kwa mpangilio huo huo, la sivyo nyumbani wanaletewa kofia yako. Zima Data alimpendea hilo. Sasa lilikuwa linamchoma.

Simu ikajikata kwa mara ya nne.

"Baba," alisema. Sauti ilitoka nyembamba. "Hapokei kwa sababu mimi nilimwambia asipokee."

Baba akageuka. Alikuwa mpima ardhi mstaafu, mtu wa maneno machache, na katika maisha yake hakuwahi kukubali mpaka wa kusimuliwa. Alitaka aone jiwe.

"Ulimwambia asinipokee mimi?"

"Asimpokee mtu yeyote. Ni gharama, Baba. Unakumbuka mwaka jana."

"Weee!" Shangazi akapiga makofi mara moja. "Mtu akimtaka mtu atapokea hata dakika iuzwe kwa dhahabu. Mwanangu, mimi nimekulea tangu mama yako alipotutoka. Sikutakii mabaya. Lakini yule msichana wa mapokezi ofisini kwao kaniambia kwa kinywa chake: kijana wako kapewa kazi kule. Miaka miwili! Na siku tatu hizi hajakupigia. Nadanganya?"

Hakudanganya. Siku tatu saa moja asubuhi ilifika ikapita, na ujumbe wa intaneti aliomtumia ulikaa na alama moja tu, haukufika. Zima Data alikuwa amejiambia kwamba intaneti ya hosteli imeharibika. Alijiambia hivyo akipiga mswaki, akajiambia akiwa dirishani kazini, na kila alipojiambia aliamini kidogo kuliko mara iliyotangulia.

"Labda mtandao ni mbovu," alisema.

"Labda." Shangazi alimtazama kwa macho yasiyokuwa na ukali hata kidogo, na hilo liliuma zaidi. "Mume wangu naye alikwenda miezi mitatu. Siku ya mwisho kunipigia, simu ilikuwa inakwaruza. Nikamwambia rudi. Nikasema rudi, rudi, mpaka ikakata. Huu ni mwaka wa kumi na tisa, na sijui mpaka leo kama alisikia akapuuza, au hakusikia. Sasa niambie, nikuache na wewe uingie humo humo?"

Baba alishughulika na kifuniko cha birika.

Saa ya ukutani ilikuwa inakaribia tisa. Saa kumi watu wa daktari wa meno wangekuja. Daktari huyo alikuwa chaguo la Shangazi tangu zamani: kliniki ghorofa ya tisa, gari, mikono misafi, na tabia ya kumsubiri mtu miaka miwili bila kulalamika. Baba alikuwa ameahidi kuwapa jibu moja leo, ndiyo au hapana, maana hakupenda kuwazungusha watu wazima.

"Sikiliza," alisema Baba. "Sina ugomvi na Fundi. Ila posa yake iko hapa mezani na yeye hayupo. Nataka nimsikie mwenyewe: anarudi, au anabaki. Akiniambia anarudi, hawa wa saa kumi nitawaambia hapana kwa heshima zote. Nisipompata, barua hii itarudi kwao. Siwezi kumweka binti yangu kwenye kiwanja kisicho na mpaka."

"Nimwandikie ujumbe, Baba. Kusoma ni bure."

"Mwandikie. Lakini usome kwa sauti kabla hujatuma. Sitaki mfundishane majibu."

Zima Data akatoa simu yake, akaandika, akasoma kwa sauti: *Tafadhali pokea simu ya Baba sasa hivi. Ni muhimu sana.* Akatuma. Wakasubiri dakika mbili. Baba akapiga. Mlio ukaita mara mbili, kisha ukanyamaza ghafla, kama mtu aliyezibwa mdomo.

"Amekata," alisema Shangazi polepole. "Mdogo wangu, umeona? Safari hii hakuacha iite. Ameiona, akaikata."

Zima Data akajishika paji la uso. Alikuwa amelikumbuka sharti la tisa.

Aliliandika mwisho kabisa, kwa wino mzito, kwa sababu wiki ile mama mmoja mtu mzima alilia dirishani kwake baada ya kutapeliwa akiwa ugenini na mtu aliyejifanya mwanawe. Liliandikwa hivi: *Ukipata ujumbe wa kukuharakisha upige au upokee simu, hata ukitoka kwenye namba yangu, ni tapeli. Kata. Mimi sitakuandikia hivyo kamwe.*

Aliwaeleza. Alipomaliza, Baba alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Yaani," alisema Shangazi, "umemfungia mtu mlango, halafu ufunguo ukaumeza."

"Mwandikie kitu ambacho tapeli hawezi kukijua," alisema Baba.

Rahisi kusema. Tarehe ya kuzaliwa? Iko kwenye kitambulisho. Jina la utani la mama yake? Mtaa mzima unalijua. Neno la mapenzi? Hapo Zima Data nusura acheke kwa uchungu. Katika miaka miwili hakuwahi kumwambia Fundi kwamba anampenda, hata mara moja. Alimwambia vaa koti, kula, weka akiba, chaji simu. Neno lenyewe lilikuwa linamkwama kooni kama kidonge kikavu. Fundi akiliona leo kwenye ujumbe, ndipo ataapa kabisa kwamba ni tapeli.

Kulikuwa na jambo moja tu. Hakuwahi kumsimulia mtu mwingine, na kati ya watu wote duniani, Shangazi ndiye wa mwisho aliyetaka alisikie.

"Andika basi, mwanangu," Baba alihimiza. "Saa inakwenda."

Akaandika. Alipomaliza alisimama, akasoma akitazama sakafu:

"*Ni mimi. Siku ile lifti iliponasa ghorofa ya sita, kabla hujauona uso wangu, nilikwambia kupitia mlangoni: ukinitoa humu, nishushe chini, usinipeleke juu kwa yule daktari, jino haliniumi, ni Shangazi tu ananituma. Ukacheka. Ukaishusha lifti kwa kuzungusha mashine kwa mkono, ukawaambia watu wa jengo haitapanda tena siku hiyo. Nipokelee Baba.*"

Shangazi alikuwa ameshika ukingo wa meza.

"Siku ile," alisema, "nilikununulia kitambaa kipya cha kichwa. Nikakaa dirishani nikikusubiri urudi na habari njema. Ukaja ukasema lifti iliharibika. Nikamlaani mwenye jengo miaka miwili."

"Iliharibika kweli, Shangazi."

"Kisha ikapona!"

"Nisamehe."

"Nilidhani ni bahati mbaya." Alisema hivyo kwa sauti ndogo, akajifunika mdomo na ncha ya mtandio. Zima Data alitaka kumwendea, lakini Baba alikuwa tayari ameinua mkono.

"Tuma."

Akatuma. Baba akanyoosha kidole kuelekea kitufe cha kijani, na kabla hajakigusa simu ikaita yenyewe.

"Shikamoo, Baba." Ilikuwa sauti ya Fundi, ikihema. "Nisamehe, nilidhani ni matapeli. Kuna mgonjwa?"

"Marahaba. Hakuna mgonjwa." Kwa mara ya kwanza tangu wamfahamu, Baba aliruka salamu zingine zote. "Una salio la kutosha?"

"Dakika tano, sita hivi."

"Zinatosha. Umepewa kazi huko?"

Sekunde zilizofuata zilikuwa ndefu kuliko simu zote nne zilizoita bure.

"Ndiyo, Baba. Miaka miwili."

Shangazi alifumba macho. Baba hakutikisika. "Umewajibu nini?"

"Bado. Wanataka jibu Jumatatu."

"Binti yangu anajua?"

"Hajui."

Zima Data hakujua amesogea saa ngapi. Alijikuta ameinamia meza, mikono miwili pembeni ya simu.

"Siku tatu!" alisema. "Siku tatu nakaa na simu mkononi kama mwendawazimu. Nikawaambia watu intaneti yenu imeharibika. Imeharibika?"

"Uko hapo..." Sauti ya Fundi ilishuka. "Haijaharibika. Ni nzima."

"Kwa hiyo ulikaa tu."

"Nilikaa. Nilizima simu isishike hata intaneti ya hosteli, kwa sababu nikikusikia nitakwambia, na nikikwambia najua utakachosema."

"Nitasema nini, mjuzi?"

"Utaniambia nibaki."

"Mimi!"

"Wewe. Utachukua karatasi. Utaandika mshahara huu, mara miezi hii, kiwanja hiki, mabati haya. Utaniwekea namba moja mpaka tisa. Na ukishaniandikia mimi nafuata, unanijua nilivyo. Ningekaa huku miaka miwili kwa sababu hesabu yako ni nzuri." Akavuta pumzi. "Kila siku unaniuliza nimekula, nimelala, nimezima data. Sijawahi kukusikia ukisema unanitaka."

"Mbele ya Baba, Fundi?"

"Baba anisamehe. Salio ni dogo. Ukisema nibaki, nitabaki. Ukisema nirudi, nitawaambia hapana. Lakini leo usinipigie hesabu. Niambie wewe unataka nini."

Na hesabu, kweli, ilikuwa imeshaanza. Hakuipenda, lakini ilikuwa imeanza yenyewe kichwani, kama zile picha zinazojituma usiku: miaka miwili ya mshahara ule ni nyumba, vyumba vitatu, na Shangazi apate chake. Mtu mwenye akili angesema baki. Mwanamke wa dirisha namba tatu angesema baki, akampa na risiti. Zima Data aliinua uso, akamwona Shangazi anamtazama, machozi yamemsimama, midomo inatikisika bila sauti, kama mtu anayemsomea mtoto jibu la mtihani kutoka nje ya dirisha.

"Rudi," alisema.

Lilipotoka hilo la kwanza, mengine hayakuomba ruhusa.

"Rudi, mwanamume wewe. Sitaki mabati. Nakupenda. Nimekupenda tangu ukiwa sauti tu nyuma ya mlango, sijakuona hata sura. Nimekuwa nikiogopa kukwambia kwa sababu mama yangu nilimwambia, akaenda, na nilidhani nikinyamaza wewe utakaa. Unanisikia? Nakupenda, rudi nyumbani."

Simu ikalia milio mitatu mifupi. Kisha kikafuata kimya cha kitu kilichokufa.

"Fundi?" Aliinamia simu. "Fundi!"

"Salio limemwishia," alisema Baba.

"Alisikia? Baba, alisikia?"

Baba alitazama kioo kidogo cha simu yake, kisha akamtazama binti yake. Saa ya ukutani ilionyesha tisa na nusu. Zima Data aliketi ukingoni mwa kochi. Alilisema neno lile mara moja katika maisha yake yote ya utu uzima, na huenda lilianguka njiani.

Aliyeinuka ni Shangazi. Alizunguka meza, akaichukua simu, akambandikia mdogo wake kifuani.

"Mpigie."

"Dada, kupiga huko ni..."

"Mpigie, mdogo wangu!" Sauti ilimpasuka. "Asikae kama mimi! Mpigie, binti ajue kama alisikika!"

Baba alibonyeza. Mlio haukumaliza hata kuita mara moja.

"Baba!" Fundi alikuwa amepokea. "Nimekopa salio kwa kampuni ya simu."

"Ulisikia mpaka wapi?"

"Nimesikia 'rudi'. Ikakata hapo hapo. Narudi, Baba. Jumatatu asubuhi naingia ofisini kwao nawaambia hapana, nikimaliza mafunzo napanda ndege. Lakini kuna maneno alikuwa anaendelea nayo. Nilisikia sauti tu. Alisema nini?"

Baba alikohoa. Alitazama barua ya posa, dari, birika, kila kitu isipokuwa binti yake.

"Hayo si ya kusemwa na mimi," alisema, akamwekea Zima Data simu mkononi. "Dada, chukua viatu. Tukawaambie watu wa daktari wasisumbuke kuja."

"Si tuwapigie?"

"Kwa simu ipi?"

Shangazi aliitazama simu iliyokuwa mkononi mwa mtoto aliyemlea. Alijifuta uso, akavuta mtandio, akapita karibu ya Zima Data na kumbana bega kwa nguvu, karibu kumuumiza. "Miaka miwili," alimnong'oneza, "namlaani mwenye jengo wa watu." Kisha akatoka nyuma ya mdogo wake, na mlango ukafungwa.

Zima Data akazima sauti ya nje, akaiweka simu sikioni.

"Uko hapo?" aliuliza Fundi.

"Nipo."

"Ulisema nini? Sema upesi, dakika za Baba zinakwenda."

"Ziache ziende," alisema Zima Data. Akaketi sakafuni, mgongo kwenye kochi, akamwambia tena kuanzia mwanzo.